Kichwa cha Yatima na Kinoo cha Mkunga

Waarabu wana msemo wa kumsuta mtu anayejifunza kazi kwa kuwaumiza wanyonge: husema amejifunzia hijama, yaani kuumika, kwenye vichwa vya mayatima. Mpiga hijama mwanafunzi ameshika wembe na bado hajui uzito wa mkono wake. Atachanja kwa kina kupita kiasi, atamwaga damu bure, ataacha kovu. Kwa mtoto mwenye baba hathubutu, maana baba atadai. Humtafuta asiye na wa kumdaia. Ndani ya msemo huo mmejificha swali ambalo kila kazi inayogusa mwili wa binadamu inapaswa kulijibu, na ukunga kuliko zote: kosa la kwanza la mwanafunzi limwangukie nani?

Ukunga haufundishiki kwa maneno matupu. Mwanafunzi anaweza kukariri hatua zote za kuzalisha, akazieleza mbele ya mtahini bila kukosea, na bado mkono wake usijue wakati wa kukishika kichwa cha mtoto na wakati wa kukiacha kishuke chenyewe. Ujuzi huo hukaa kwenye vidole, na vidole hujifunza kwa kugusa. Ndiyo maana kwa karne nyingi wanafunzi walimgusa aliyekuwepo, yaani mama aliye kwenye uchungu. Leo kipo kitu kingine cha kugusa: midoli na roboti za kuzalishia, zenye nyonga, mji wa mimba, kondo la nyuma na damu ya bandia. Wapo wanaoviona vitu hivi kama anasa ya mataifa tajiri, na wapo wanaoviona kama dharau kwa jambo takatifu. Hoja yangu ni kwamba mdoli wa kuzalishia ni deni la kimaadili. Palipo na mahali pengine pa kuliweka kosa la kwanza, hatuna haki ya kuliweka juu ya mtu. Lakini deni hilo lina nusu mbili, na mdoli hulipa nusu moja tu. Nusu ya pili hulipwa na binadamu, na chuo kinachoisahau kitatoa mkunga mwenye mkono hodari na moyo uliolala.

Anayedhani kwamba kichwa cha yatima ni tamathali ya usemi tu aitazame historia ya uzazi. Katika hospitali kuu ya Vienna, karne ya 19, wanawake maskini walizalishwa bure, na badala yake miili yao ikatumika kufundishia. Palikuwa na kliniki mbili: ya kwanza ilifundishia wanafunzi wa udaktari, ya pili wanafunzi wa ukunga. Kati ya 1841 na 1846 kliniki ya kwanza ilipoteza takribani mama 10 katika kila 100, na ya pili chini ya 4. Wanawake wa mji walilijua hilo, na wapo waliosihi wasipelekwe kliniki ya kwanza. Mwaka 1847 daktari Ignaz Semmelweis alitambua kwamba wanafunzi wa udaktari walikuwa wakitoka kupasua maiti na kuja kuwapima wazazi, wakiwaletea mauti kwa mikono yao wenyewe. Alipowaamuru wanawe mikono kwa maji yenye klorini, vifo vilishuka sana. Kisa hiki husimuliwa kwa kawaida kama kisa cha usafi. Ni kisa cha darasa pia. Waliokufa walikuwa ubao wa kuandikia, na kilichowafanya wawe ubao ni umaskini wao.

Katika miaka hiyo hiyo ya 1840, huko Montgomery katika jimbo la Alabama, daktari J. Marion Sims alikuwa akitafuta njia ya kutibu fistula kwa kuwapasua wanawake watumwa bila dawa ya usingizi. Majina ya watatu yamehifadhiwa: Anarcha, Betsey na Lucy. Anarcha alipasuliwa mara zipatazo 30. Sims alipata sifa, na sanamu lake lilisimama jijini New York hadi mwaka 2018 lilipoondolewa. Upasuaji uliotokana na kazi yake umewatoa wanawake wengi katika aibu na upweke, na hapo ndipo swali linapokuwa gumu: faida ni ya kweli, lakini walioilipia hawakuulizwa. Elimu ya uzazi tuliyonayo imekuja kwa gharama iliyobebwa na watu wasio na wa kuwadaia. Hatuwezi kuirudisha elimu hiyo tulikoitoa. Tunachoweza ni kukataa kuendelea kuilipia kwa fedha ile ile.

Jibu lenyewe ni la zamani kuliko makosa ya Vienna na Alabama. Mwaka 1759 Mfalme Louis XV wa Ufaransa alimpa kibali mkunga Angélique du Coudray azunguke nchini kuwafundisha wanawake wa vijijini, wengi wao wasiojua kusoma. Du Coudray alikuwa amebuni kile alichokiita mashine: kiwiliwili cha mwanamke kilichoshonwa kwa kitambaa na ngozi, chenye mwanasesere wa mtoto ndani, kamba za kuonyesha jinsi njia ya uzazi inavyotanuka, na sponji zilizolowekwa maji na rangi nyekundu ili kuonyesha maji ya uzazi na damu. Kwa muda wa zaidi ya miaka 20 aliwafundisha maelfu ya wanawake kwa mashine hiyo, na mmoja wa midoli yake umehifadhiwa hadi leo katika jumba la makumbusho mjini Rouen. Katika mashine zake za mwanzo alitumia mifupa halisi ya nyonga ya binadamu. Ndani ya kitambaa alikuwemo mtu. Nitalirudia jambo hilo, kwa sababu naona humo ndimo fundisho lake lilimo.

Mdoli wa leo umekwenda mbali. Kampuni ya Gaumard ya Miami hutengeneza roboti iitwayo Noelle na nyingine iitwayo Victoria, ambazo mota iliyo tumboni humsukuma mtoto atoke, moyo hupiga kwa kasi atakayoamua mwalimu, damu hutoka, na mwili unaweza kupata degedege la kifafa cha mimba. Bei ya roboti kama hizo huhesabiwa kwa makumi ya maelfu ya dola. Upande wa pili upo MamaNatalie, unaotengenezwa na kampuni ya Laerdal ya Stavanger, Norwei, na unaotumika sana Tanzania na nchi jirani. Huo hauna mota. Ni kama mfuko wenye umbo la tumbo na nyonga, unaofungwa kwa mikanda mbele ya mtu aliye hai, mara nyingi mkunga mwenza wa anayejifunza. Aliyeuvaa ndiye anayemsukuma mtoto kwa mikono iliyofichwa ndani, ndiye anayefungulia damu na kuukaza mji wa mimba unapokandwa vizuri. Ndiye pia anayeugua, anayeuliza kama mtoto yu hai, na anayenyamaza anapozidiwa. Tofauti hii ya mashine mbili inaonekana kuwa ya bei. Kwangu ni ya falsafa, na nitaeleza kwa nini baada ya kuuliza kwanza kama midoli hii inaokoa mtu.

Ushahidi upo. Katika hospitali ya Southmead mjini Bristol, Uingereza, watumishi wote wa uzazi walifundishwa kwa mdoli jinsi ya kumtoa mtoto aliyekwama mabega. Kabla ya mafunzo, watoto 9.3 katika kila 100 waliokwama mabega walizaliwa na majeraha. Baada ya mafunzo walikuwa 2.3. Tanzania nayo ina ushahidi wake. Mpango wa kumsaidia mtoto mchanga kupumua, unaotumia mdoli mdogo uliojazwa maji ili uwe na uzito wa mtoto, ulijaribiwa katika hospitali 8, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kuwa vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vilipungua kwa asilimia 47. Mwaka 2025 yalichapishwa matokeo ya mpango mpana zaidi katika hospitali 30 za mikoa 5 ya Tanzania: vifo vya watoto wakati wa kuzaliwa na siku za mwanzo vilishuka kutoka 15.3 hadi 12.5 kwa kila vizazi 1,000, na vifo vya akina mama vilipungua kwa takribani robo tatu. Mpango huo haukuwa wa midoli peke yake. Ulikuwa na vifaa vya kusikiliza moyo wa mtoto na desturi ya kutumia takwimu za wodi yenyewe kujisahihisha. Lakini mazoezi ya mara kwa mara kwa mdoli yalikuwa mmoja wa mihimili yake.

Ushahidi unaonifundisha zaidi, hata hivyo, ni wa kushindwa. Katika Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, mkoani Manyara, wakunga walipewa mafunzo ya siku moja ya kumsaidia mtoto kupumua. Walipopimwa tena kwa mdoli walifanya vizuri kuliko awali. Lakini walipotazamwa wakiwahudumia watoto halisi, huduma yao haikuwa imebadilika. Siku moja ya semina iliufundisha mkono kuuhudumia mdoli, basi. Hospitali ikabadili njia: mazoezi mafupi ya dakika 3 hadi 5 kila wiki, hapo hapo wodini, pamoja na marudio marefu kidogo kila mwezi. Vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vikashuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila 1,000. Mdoli ulikuwa ule ule, na wakunga wa wodi ile ile. Kilichoongezeka ni marudio. Mwanazuoni wa Kiislamu Abu Hamid al-Ghazali, katika kitabu chake Ihya, alieleza kwamba tabia njema hupatikana kama hati nzuri ya mwandishi: mtu huanza kwa kuiga mkono wa mwandishi hodari, anajilazimisha, anarudia, mpaka kile alichokiiga kinakuwa maumbile yake na hati inatoka nzuri bila kujilazimisha. Waswahili tumelifupisha: mazoea hujenga tabia. Basi anayesema kwamba igizo haliwezi kuzaa ukweli ana jibu lake Haydom. Igizo la mara moja halizai kitu. Igizo lililorudiwa kwa nia huingia mwilini, na likishaingia mwilini si igizo tena.

Sasa niyakabili mapingamizi, nianze na la dini. Wapo wanaosema kuzaliwa kwa mtu ni siri ya Mwenyezi Mungu, na kwamba kutengeneza sanamu la mwanamke anayezaa, likatiwa sauti na damu, ni kuuchezea uumbaji. Pingamizi hili halistahili kubezwa, kwa maana limetoka katika hofu njema ya kutofanya kitukufu kuwa kitu cha mkono. Lakini tuliangalie kwa makini. Katika Uislamu, ambamo suala la sanamu limejadiliwa sana, wanazuoni wengi waliwatoa wanasesere wa watoto katika katazo, wakitegemea habari za Bi Aisha aliyecheza nao mbele ya Mtume (s.a.w.) bila kukatazwa, na baadhi yao walitaja kuwa watoto wa kike hujifunza kwa wanasesere hao namna ya kulea. Ikiwa mafunzo ya kumlea mtoto ambaye bado hajazaliwa yanatosha kuwa udhuru, mafunzo ya kumwokoa anayezaliwa sasa hivi yana nguvu zaidi. Zaidi ya hapo, sheria hiyo hiyo ya Kiislamu inamtwika dhamana mtu anayetibu watu ilhali hajulikani kuwa na elimu ya tiba: akiharibu, atalipa. Na Mtume alifundisha kwamba ihsani imewajibishwa katika kila jambo, hata mchinjaji akaamriwa anoe kisu chake asimtese mnyama. Ikiwa mnyama anayekwenda kufa ana haki ya kisu kilichonolewa, mama anayeleta uhai atakosaje haki ya mkono ulionolewa? Mdoli ni kinoo. Hakuna anayekiabudu kinoo, wala hakuna anayedhani kinoo kimechukua nafasi ya Muumba.

Mkristo naye anayo njia ya kulifikiri jambo hili. Katika kitabu cha Kutoka, Shifra na Pua ni wazalisha waliomcha Mungu, na kumcha kwao kulionekana katika kazi yao: waliwaacha watoto wakaishi ilhali Farao alitaka wafe. Katika Mwanzo, Raheli anakufa akimzaa Benyamini, na mzalisha aliye kando yake anamtia moyo asiogope. Simulizi hizo mbili hazitengani moyoni mwangu. Ya kwanza inasema kazi ya mkunga mbele za Mungu ni uhai. Ya pili inasema hata pale mkono unaposhindwa, mama hapaswi kufa akiwa peke yake. Utakatifu wa kuzaliwa haulindwi na ujinga wa anayezalisha. Unalindwa na watu wawili wanaotakiwa kukaa ndani ya mkunga mmoja: anayejua la kufanya, na anayemwona anayemfanyia.

Hapo nafika kwenye pingamizi lililo zito kuliko yote, na ambalo nalikubali kwa nusu. Waswahili husema uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Mdoli haujui. Hauumii unapopimwa ovyo, hauoni haya unapoachwa wazi, haukumbuki neno la matusi, haumsimulii dada yake kesho kwamba usiende pale. Mwanafunzi aliyeuzalisha mdoli mara 100 amejifunza mara 100 kwamba mwili unaweza kushikwa bila kuombwa ruhusa. Je, hatukumfundisha ukatili kwa upole? Hofu hii si ya kubuni, maana ukatili wenyewe upo hata bila midoli. Utafiti uliofanywa mkoani Tanga ulionyesha kwamba takribani mama 19 katika kila 100, walipoulizwa wakitoka kujifungua, walisema walitendewa vibaya au kudharauliwa. Walipoulizwa tena wakiwa nyumbani, wiki kadhaa baadaye, idadi ilipanda hadi karibu 28. Tofauti ya takwimu hizo mbili ni darasa tosha: mama akiwa bado mlangoni mwa hospitali anasamehe au anaogopa, na akifika kwake ndipo anapolitaja lililomkuta. Mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani lilitoa tamko dhidi ya udhalilishaji wa wanawake wanaojifungua katika vituo vya afya, jambo linaloonyesha kuwa tatizo si la mkoa mmoja wala la nchi moja.

Nina majibu mawili. La kwanza ni kwamba ukatili wa chumba cha kujifungulia mara nyingi una mama mwingine, naye ni woga. Mkunga asiyeuamini mkono wake, anayeona damu haisimami na hakumbuki kinachofuata, hupandisha sauti. Humlaumu mama kwa kutosukuma, kwa kupanua miguu vibaya, kwa kuchelewa kuja. Mkono unaojua la kufanya huuachia moyo nafasi ya kuwa mpole, kama vile dereva aliyelizoea gari anavyoweza kuzungumza na abiria njiani. Kwa hiyo hata mafunzo ya mkono mtupu yana mchango wake katika heshima. Lakini mchango huo hautoshi, maana wapo wenye mikono hodari na ndimi kali, na kila mtaa unawajua.

Jibu la pili ndilo kiini cha maandishi haya, na linarudi kwenye ile mifupa iliyokuwemo ndani ya kitambaa cha du Coudray. Mdoli unaovaliwa na mtu una faida ambayo roboti ya makumi ya maelfu ya dola haina: ndani yake yumo anayeweza kudhalilika. Mkunga aliyeuvaa MamaNatalie amelala chali mbele ya wenzake. Anasikia anavyosemeshwa. Anajua kama ameelezwa kinachofanyika kabla ya kuguswa au ameguswa kwanza. Zoezi likiisha, anaweza kusema: hukunitazama usoni hata mara moja, ulizungumza na daktari juu yangu kana kwamba sipo, niliuliza hali ya mwanangu mara tatu na hakuna aliyenijibu. Hakuna kipima mwendo wala kompyuta itakayolisema hilo kwa uzito huo. Na aliyelivaa tumbo la bandia leo atakuwa ndiye mwenye glovu kesho, akiwa na kumbukumbu ya nusu saa ya kuwa upande wa pili. Nchi zetu zilipewa mdoli wa bei nafuu kwa sababu ya ufukara, na katika ufukara huo tumepewa chombo kilicho bora kwa nusu ya pili ya deni. Ingekuwa msiba kukitumia kama roboti mbovu, kwa kumtaka aliyekivaa anyamaze na kutoa damu tu. Chuo kinachomiliki roboti kubwa nacho hakijafungiwa mlango. Kimpe mtu halisi kazi ya kuwa sauti ya mama huyo, na mwingine kazi ya kuwa mume au dada aliye mlangoni, kisha kitenge muda wa kuwasikiliza baada ya zoezi kama kinavyotenga muda wa kuhesabu makosa ya mikono.

Lipo pingamizi la tatu, la wanaoukumbuka ukunga wa jadi. Bibi zetu, wanasema, walijifunza kwa kukaa kando ya mkunga mzee miaka mingi, wakibeba maji, wakishika mgongo wa mama, mpaka siku waliyoruhusiwa kupokea mtoto. Hawakuwa na mdoli, na heshima waliijua. Ni kweli, na njia ile ina hekima ambayo vyuo vingi vimeipoteza: mwanafunzi alimjua mama kabla hajaugusa mwili wake. Lakini uanagenzi hufundisha yale yanayotokea mara nyingi, na kinachoua mara nyingi ni kile kinachotokea kwa nadra. Mabega kukwama, damu kububujika baada ya kondo kutoka, mama kupata degedege: mwanafunzi anaweza kumaliza mafunzo yake bila kuyaona hata moja kati ya hayo, kisha likamkuta usiku, zahanati ya kijijini, akiwa peke yake. Kumtaka ajifunze kwa kungojea ni kumtaka angojee msiba wa mtu ili apate elimu. Mdoli huuleta msiba bila mwenye msiba. Maji yakimwagika hayazoleki, nasi twajua kwamba damu ya mama nayo haizoleki, lakini damu ya mdoli inazoleka, inarudishwa kwenye mfuko wake, na mwanafunzi anaanza upya.

Wa mwisho ni mwenye kuhesabu fedha. Anauliza kwa nini tununue midoli wakati zahanati haina glovu, benki ya damu haina damu na gari la wagonjwa halina mafuta. Swali lake ni la haki. Mdoli haumpi mama damu, na mkunga hodari asiye na dawa ya kuzuia damu atashuhudia kifo kwa ustadi mkubwa. Vifo vya uzazi Tanzania vimeshuka, kwa mujibu wa takwimu za kitaifa, kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa 2015-16 hadi 104 katika utafiti wa 2022, na anguko kubwa namna hiyo halina sababu moja. Lakini hoja ya fedha inaukataa mdoli wa gharama, haiyakatai mazoezi. Du Coudray alishona wake kwa kitambaa. Zoezi la Haydom lilihitaji mdoli wa maji na dakika 5 za kila wiki. Kinachokosekana mara nyingi si kifaa. Katika maghala na makabati ya vyuo na hospitali, midoli iliyoletwa na miradi inaweza kulala ikiwa imefungiwa kwa kufuli ili isiharibike, nao wanafunzi wakaendelea kujifunzia kwa mama wa wodi ya kawaida. Mdoli uliofungiwa ili ubaki mpya, ilhali mwili wa maskini uko wazi kwa kila mwanafunzi, ni kichwa cha yatima kilichorudi kwa mlango wa nyuma.

Na hata tukiyafanya yote haya, patabaki jambo ambalo mdoli hauwezi kulifuta. Siku moja mwanafunzi ataweka mkono wake wa kwanza juu ya mtu wa kwanza. Daima atakuwepo mama ambaye ndiye wa kwanza. Mdoli umelipunguza deni lake, haujalimaliza. Mama huyo ana haki ya kuambiwa kwamba anayemhudumia bado anajifunza, kuulizwa kama anakubali, kukataa bila kuadhibiwa kwa kuchelewa au kwa maneno, na kuwa na mkunga mzoefu aliye karibu kiasi cha kunyoosha mkono. Haki hiyo haigawanywi kwa kitanda cha kulipia na kitanda cha bure. Tukimwuliza mke wa mkubwa na kutomwuliza mke wa mkulima, tumerudi Vienna, hata kama mikono yetu imenawa.

Kwa wakuu wa vyuo vya uuguzi na ukunga, kwa waganga wafawidhi na kwa wanaopanga bajeti za halmashauri, neno langu ni hili. Fungueni makabati. Wekeni mdoli wodini, mahali ambapo mkunga anayemaliza zamu anaweza kuufikia kwa dakika 5 kila wiki. Mvisheni mtu, mwacheni aseme, na msikilizeni baada ya zoezi. Msimruhusu mwanafunzi kumgusa mama kabla hajaugusa mdoli, wala kumgusa mama kabla hajamwambia jina lake na kuomba ruhusa. Kwa mama anayesoma maneno haya: ukifika leba na kuona kijana mwenye sare mpya, una haki ya kumwuliza amekwishajifunza wapi. Jibu lisiwe kwako.